Ni Yeye Kweli Aliyeruka? Kilicho Halisi na Kilichoundwa katika Mission: Impossible – Fallout

Kuna sekunde chache katika filamu ya Mission: Impossible – Fallout ambazo asiyejua habari yake atazipita tu. Ethan Hunt, jasusi anayeigizwa na Tom Cruise, anamkimbiza adui juu ya mapaa ya London. Anafika ukingoni, anajirusha kwenda jengo la pili, anabamizwa na ukuta, anajivuta juu, anasimama, kisha anaondoka akichechemea mpaka anaipita kamera. Kule kuchechemea hakukuandikwa na mtu yeyote. Kifundo cha mguu wa Tom Cruise kilikuwa kimevunjika papo hapo, na picha iliyopigwa wakati ule ndiyo hiyohiyo tunayoiona kwenye filamu.

Kila nikiitazama na watu, nikiwaeleza hilo, swali linalofuata ni moja: kwa hiyo yote yale ni ya kweli? Hapo ndipo mambo yanapochanganyika, kwa sababu jibu la ndiyo ni uongo na jibu la hapana ni uongo mkubwa zaidi.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mtaani, swali hili tunalo tangu utotoni. Ikichezwa picha ya Jackie Chan hakuna aliyenyanyuka kwenye benchi ilipoisha, maana majina yakianza kupita ndipo zilipoonyeshwa zile alizokosea: anaanguka vibaya, anashika kichwa, wenzake wanamkimbilia. Kwetu ule ulikuwa ushahidi kwamba steringi hakutudanganya. Mtu aliyepasuka fuvu akipiga picha Yugoslavia miaka ya themanini hakuhitaji kutuapia. Cruise naye amejenga jina lake la miaka hii kwa ahadi ya namna hiyo, ila ahadi yake ina matabaka, na inafaa kuyatenganisha.

Filamu yenyewe ni ya sita katika mfululizo ulioanza mwaka 1996, nayo ilitoka Julai 2018. Kabla yake kila toleo lilikuwa na mwongozaji wake: Brian De Palma, John Woo, J.J. Abrams, Brad Bird, Christopher McQuarrie. Safari hii McQuarrie akarudi, wa kwanza kupewa toleo la pili. Yeye na Cruise walikuwa wameshazoeana kiasi cha kuanza kupiga picha hati ya filamu ikiwa haijakamilika, wakikifuma kisa kuzunguka mahali na matukio waliyotaka yaonekane. Ndiyo maana wengi hutoka wamefurahi lakini hawawezi kukusimulia nani alikuwa nani. Nitakifumbua kisa hapa kwa ufupi, kwa hiyo ambaye hajaitazama na anataka kushtukizwa aruke aya inayofuata.

Kuna mabonge matatu ya plutoniamu, malighafi ya bomu la nyuklia. Mjini Berlin Ethan analazimika kuchagua kati ya mzigo huo na uhai wa rafiki yake Luther. Anamwokoa Luther, mzigo unapotea, na kila kinachofuata ni gharama ya uamuzi ule. CIA, shirika la ujasusi la Marekani, haimwamini tena, kwa hiyo inampachikia mtu wake, August Walker, jitu la miraba minne linaloigizwa na Henry Cavill. Wawili hawa wanatumwa Paris kumsaka mtu anayejiita John Lark, ambaye sura yake haijulikani. Anayedhaniwa kuwa Lark anauawa chooni, na Ethan anachukua jina lake ili apate kuzungumza na dalali wa silaha aitwaye White Widow. Dalali anataka atoroshewe mfungwa mmoja, Solomon Lane, adui wa toleo lililotangulia, aliye mikononi mwa polisi wa Ufaransa. Na Lark mwenyewe ni Walker. CIA ilimtuma mwizi kumtafuta mwizi. Mwisho uko milima ya Kashmir: mabomu mawili, kiwashio kimoja mkononi mwa Walker, helikopta mbili angani.

Sasa tuje kwenye mruko wa kutoka kwenye ndege, ambao Ethan na Walker wanautumia kuingia Paris. Makomando wanauita HALO. Unatoka kwenye ndege ikiwa juu sana, unaanguka kwa muda mrefu, halafu unafungua parashuti karibu na ardhi ili adui asiwahi kukuona. Kwenye hadithi ni usiku juu ya Paris na radi zinapiga. Kazi ilifanyika Falme za Kiarabu, wakati jua linazama. Taa za Paris ziliwekwa baadaye na kompyuta, pamoja na mawingu ya dhoruba na ile radi inayomzimisha Walker. Cavill hakuruka, aliyevaa nguo za Walker pale angani ni mrukaji mtaalamu. Ukihesabu hivyo utasema basi, kumbe ni kiini macho: mji si mji, radi si radi, Walker si Cavill.

Lakini ndege ni ndege, C-17, lile dege la kijeshi la mizigo linaloweza kumeza malori. Urefu wenyewe ni futi 25,000, karibu mita 7,600. Kilele cha Kilimanjaro kiko mita 5,895. Na anayetoka kwenye mlango ule wa nyuma ni Cruise, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 55.

Katika kimo kile tatizo la kwanza ni damu, hata kabla ya kuanguka. Mtu akipandishwa haraka mahali penye hewa nyepesi, naitrojeni iliyoyeyuka mwilini mwake inaanza kutoka kama mapovu kwenye chupa ya soda iliyofunguliwa. Ni ugonjwa uleule unaowapiga wapiga mbizi wanaoibuka upesi kutoka kina kirefu, na unaweza kuua. Kinga yake ni kukaa kwanza ukivuta oksijeni tupu mpaka naitrojeni ipungue, ndipo uruke. Kwa hiyo kabla ya kuigiza chochote mwigizaji aliketi na barakoa akipumua.

Barakoa hiyo nayo ikaleta tatizo la pili, na hili ndilo lililonifumbua macho. Vifaa vya kawaida vya askari hufunika uso mzima. Askari anafurahi asipoonekana, lakini mwigizaji asiyeonekana uso ni gunia linaloanguka. Ikabidi itengenezwe kofia maalumu yenye kioo kipana na taa ndani, ambayo wakati huohuo inampa mtu oksijeni ya kumweka hai. Kazi yote hiyo, vipimo na majaribio yote hayo, ili tuyaone macho yake.

Macho hayo nani aliyapiga picha? Jina lake ni Craig O'Brien. Alivaa kamera kichwani, akatoka kwenye ndege akiwa ametangulia, kinyumenyume, akimwangalia Cruise anayemfuata. Wanaanguka kwa mwendo unaopita kilomita 200 kwa saa, na ili picha isiwe na ukungu Cruise alipaswa kumsogelea mpaka umbali wa kama mita moja, si zaidi wala si pungufu, wakati huo akicheza nafasi yake kama mtu anayemtafuta mwenzake aliyezimia. McQuarrie alitaka mwanga wa magharibi. Mwanga huo hudumu dakika kama tatu, kwa hiyo kwa siku nafasi ilikuwa moja tu. Ukikosea, mpaka kesho. Uingereza walikuwa wamejengewa mtambo mkubwa wa upepo wa kufanyia mazoezi, na hata hivyo hesabu iliyotolewa ni miruko 106 hadi kupata vipande vitatu, ambavyo viliunganishwa vionekane kama mruko mmoja usiokatwa.

Kwa hiyo mimi nimeacha kuuliza kama ni yeye. Ninauliza uso wake uko wapi. Anapotumika mbadala, yaani mtu anayeruka badala ya mwigizaji, mwongozaji anabanwa: lazima apige kutoka mbali, au kwa mgongo, au akate picha haraka kabla jicho lako halijagundua. Unabaki na picha ya mtu anaruka, kisha picha ya uso wa mwigizaji studioni, kisha mtu anatua. Akili yako inaunganisha, lakini mwili wako haudanganyiki. Mwigizaji akiwa ndiye anayeanguka, kamera inaweza kukaa. Ile hofu unayoisikia tumboni inatokana na kule kukaa kwa kamera.

Turudi London, juu ya paa. Wengi husema Cruise alishindwa kuufikia ukingo. Sivyo. Mruko ulipangwa hivyo, kwamba asilifikie paa bali ajigonge kwenye ukuta na kujivuta. Alikuwa amefungwa nyaya za usalama ambazo kompyuta ilizifuta baadaye. Kilichoharibika ni kitu kidogo tu: mguu ulitangulia kuugusa ukuta. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba alijua palepale umevunjika, na kwa kuwa hakutaka kurudia, akanyanyuka akamalizia. Nyaya zilimzuia asianguke barabarani, lakini hazikuweza kufanya lolote kwa kifundo. Kazi ilisimama kwa wiki kama nane. McQuarrie na mhariri wake, Eddie Hamilton, waliutumia muda ule kukata na kupanga vipande vilivyokuwa tayari, na nadhani filamu ilifaidika, maana waliporudi walijua hasa wanapungukiwa na nini.

Hiyo ilikuwa katikati ya Agosti 2017. Habari ya mguu wa Cruise ilizunguka dunia nzima. Siku zilezile, tarehe 14 Agosti, mjini Vancouver, Kanada, mwanamke aitwaye Joi Harris alifariki akifanya stanti, yaani tukio la hatari, ya pikipiki katika filamu nyingine. Alikuwa dereva wa mashindano ya pikipiki, na hiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza ya stanti. Hakuvaa helmeti, kwa sababu mhusika aliyekuwa anamwakilisha havai helmeti.

Siwezi kuitazama sehemu ya Paris bila kumkumbuka. Cruise yuko juu ya pikipiki, kichwa wazi, anaingia kwenye kipilefti kikubwa cha Arc de Triomphe akienda kinyume na magari yote. Ni tukio zuri mno. Ni zuri kwa sababu kichwa kiko wazi, na sisi watazamaji ndio tunaotaka kiwe wazi. Tofauti yake na ya Vancouver haiko kwenye ujasiri. Barabara ilifungwa mapema asubuhi, kila gari lilikuwa na dereva wa stanti, kila mmoja wao alijua njia yake na mwendo wake, na mratibu wa stanti, Wade Eastwood, ndiye aliyewapanga. Kinachoonekana kama vurugu ni ngoma iliyofanyiwa mazoezi. Mtu akikuambia steringi fulani haogopi kufa, usimsifu kwa hilo. Stanti nzuri ni ile ambayo hatari imeondolewa kidogokidogo kwa miezi, mpaka ikabaki sura yake tu. Na bado, kama paa la London lilivyoonyesha, haiishi yote.

Pigano la chooni halina kimo wala mwendo, lakini wapenzi wa picha za ngumi wanalishika moyoni kuliko yote. Choo kilijengwa studio, cheupe, vioo kila upande, ili mtu akirushwa ukutani uone alichokivunja. Anayepigana na Cruise na Cavill ni Liang Yang, msanii wa stanti ambaye kwa kawaida hufanya kazi akiwa amefichwa ndani ya mavazi ya mwingine. Hapa kapewa uso, na akautumia. Yuko peke yake dhidi ya wawili, anawatandika wote, na hakuna muziki wa kukuambia ufurahi. Unasikia viatu, vigae, sinki likipasuka, watu wakihema. Kilichonivutia zaidi ni kwamba kila mmoja anapigana kwa tabia yake. Yang ni fundi, hatumii nguvu asiyoihitaji. Cavill anapiga kama mtu anayebomoa nyumba. Cruise anapigwa. Ndiyo, kazi yake kubwa chooni mle ni kupigwa, na anapigwa vizuri: anachelewa kunyanyuka, anaonekana ni mtu wa makamo aliyechoka.

Katikati ya pigano hilo Cavill anakunja mikono na kuikunjua kwa kishindo, kana kwamba anapakia risasi kwenye bunduki. Hakuambiwa afanye hivyo. Kilimtoka tu, McQuarrie akakipenda, na ndicho kilichokuja kuzungumzwa kuliko mazungumzo yote ya filamu. Ishara ya sekunde moja ilimweleza Walker mzima: mtu anayefurahia kuumiza. Masharubu yake nayo yalikuwa na kisa chake. Studio ilimkataza kuyanyoa, wakati anahitajika kurudia vipande vya filamu nyingine ambayo mhusika wake hana masharubu, ikabidi huko yafutwe kwa kompyuta, na midomo ikaonekana ya ajabu. Kompyuta ilifuta nyaya za London bila mtu kugundua, lakini iliposhika uso wa mtu, kila aliyeketi mbele ya skrini alijua kuna jambo.

Helikopta za mwisho nitazipitia haraka zaidi, ingawa zilichukua kazi kubwa. Kashmir mnayoiona ni New Zealand, kisiwa cha kusini. Cruise alijifunza kurusha helikopta kwa ajili ya filamu hii, akishinda angani siku nzima ili muda wa mafunzo ufupishwe, na katika vipande vingi yuko peke yake ndani, akirusha, akiigiza na kuzihudumia kamera zilizofungwa kwenye chombo. Ule mzunguko wa kushuka kama pia inayozunguka kwenye bonde aliufanya mwenyewe. Mapigano ya mwisho ukingoni mwa jabali yalipigwa Norway, kwenye mwamba wa Preikestolen ulio mita 604 juu ya maji. Filamu ilipotoka watu kama 2,000 walipanda mlima ule kwa miguu wakaitazama hukohuko juu. Sehemu inayonipungukia ni pale helikopta zinapobingirika mlimani. Hapo kompyuta imechukua usukani, na jicho lililozoeshwa vya kweli kwa saa mbili linahisi mara moja.

Watu wakizungumzia filamu kama hii husema stanti ni nzuri, uigizaji ni wa kawaida. Mimi naona wanatenganisha vitu visivyotengana. Chukua Paris tena, dakika moja tulivu baada ya Lane kutoroshwa. Polisi wa kike, kijana, anawafumania Ethan na wenzake kwenye kichochoro. Majambazi wanataka kummaliza, wanampiga risasi. Ethan ana kila sababu ya kunyamaza. Akiingilia, siri yake inafichuka. Anawaua wale majambazi, anamwinamia yule dada na kumwomba radhi kwa Kifaransa. Hakuna kimo, hakuna pikipiki. Lakini ule uso ndio tuliomwona nao angani akimtafuta Walker aliyezimia, na ndio aliokuwa nao Berlin alipomchagua Luther. Stanti zimeujenga: tumemwona akiingia hatarini kwa mwili wake mara nyingi kiasi kwamba tunamwamini anapoingia kwa ajili ya mtu asiyemjua.

Wenzake wanamsaidia. Rebecca Ferguson, anayecheza jasusi Ilsa Faust, alikuwa mjamzito wakati filamu ikipigwa, na bado anapigana kwa ukali unaokufanya usimpepesee macho. Sean Harris kama Lane anaongea chini kwa sauti iliyokauka, na ndiye anayetisha kuliko Walker mwenye misuli. Vanessa Kirby, yule White Widow, anatabasamu kama mwenye duka anayejua mteja hana pa kwenda.

Aprili 2025 wanaosimamia tuzo za Oscar walitangaza kwamba hatimaye kutakuwa na tuzo ya ubunifu wa stanti, kuanzia filamu za mwaka 2027, itakayotolewa katika sherehe ya 100 mwaka 2028. Tuzo hizo zimekuwapo tangu 1929. Kwa karibu karne nzima aliyeanguka badala ya mwigizaji hakuwa na tuzo yake, wakati aliyemshonea gauni au kumpaka vipodozi ameitwa jina lake jukwaani kwa miongo mingi.

Kwa Fallout imechelewa. Eastwood, O'Brien, Yang na wale madereva wote wa kipilefti cha Paris wako kwenye yale majina yanayopanda polepole mwishoni, nyeupe juu ya nyeusi, pale ambapo kibandani, kama picha haikuwa ya Jackie Chan, mwenye deki alikuwa ameshainuka kuchomoa mkanda ili aweke mwingine.